Usimkodolee Macho, Muulize Vizuri: Mwongozo Kamili wa Kumhoji Mtu Unayemshuku Anadanganya

Niliwahi kumwita mwongo mtu aliyekuwa akisema kweli. Alikuwa kijana niliyemsimamia kazini, angali kwenye kipindi cha majaribio, na bahasha ya fedha za safari ilikuwa imetoweka kwenye droo ambayo yeye alikuwa na ufunguo wake. Nilipomuuliza aliinamisha kichwa. Akawa anazungusha kalamu mkononi, anajibu neno moja moja, sauti inakwama kooni. Nikasema moyoni: huyu ndiye. Nikamwambia airudishe kabla jua halijazama. Siku ya tatu bahasha ikapatikana ndani ya jalada ambalo mwenzetu mwingine alilifungia kabatini kabla ya kwenda likizo. Kijana alikuwa akitetemeka kwa kuogopa kupoteza kazi, basi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, akanisamehe, ila ilichukua muda mrefu kabla hajaanza tena kuzungumza nami kwa uhuru.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma jinsi akili ya mtu inavyotunga uongo, na jinsi akili ya msikilizaji inavyokosea kuutambua. Haya ninayoyaandika ni kwa yeyote ambaye siku moja itambidi aulize: mzazi, mwalimu, msimamizi wa kazi, mtu mwenye ugomvi na rafiki yake. Hayatakupa jicho la kuona ndani ya moyo wa mtu. Yatakufundisha kuuliza maswali yanayomlemea mwongo na kumpa mkweli nafasi ya kujieleza.

Kwanza, elewa kazi anayoifanya mwongo

Anayesema kweli anachota tu. Tukio limo kwenye kumbukumbu yake, pengine limefifia, pengine lina mapengo, lakini limo. Mwongo ana shughuli kadhaa kwa mpigo. Lazima auzuie ukweli, ambao ndio unaomjia kwanza. Atunge kitu cha kuuziba. Ahakikishe hakigongani na yale unayoyajua, na hapo ndipo penye shida, maana hana hakika unajua kiasi gani. Akumbuke alichokwisha kusema dakika tano zilizopita. Akutazame usoni aone kama umeamini, na wakati huohuo achunge uso wake mwenyewe.

Kazi zote hizo zinagombania nafasi moja finyu: kumbukumbu tendaji, ile sehemu ya akili inayoshika mambo machache kwa muda mfupi, kama unavyoishika namba ya simu kabla ya kuiandika. Wanasaikolojia wa utambuzi huuita huo mzigo wa akili. Watu wanapopimwa kwa kubonyeza kitufe, wanaotakiwa kujibu uongo huchelewa kidogo kuliko wanaojibu kweli. Mwaka 2001 Sean Spence na wenzake huko Uingereza waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa wanajibu, na wakaona kwamba sehemu za mbele za ubongo, zile zinazohusika na kuzuia jibu lililo tayari, zinafanya kazi zaidi wakati wa uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na sehemu ya ufupi wake ni hii: mzigo unamchosha.

Lakini mzigo huo si sawa kwa kila uongo, na nakuomba uzingatie sana hapa. Mtu aliyejiandaa usiku kucha anabeba kidogo. Anayeficha tu, asitunge chochote, anabeba kidogo pia. Na mjanja kuliko wote hatungi hadithi mpya: anachukua tukio la kweli na kulihamisha siku. Alikwenda kweli kumwona mgonjwa, isipokuwa ilikuwa Jumanne na wewe unauliza ya Alhamisi. Atakueleza kitanda, dirisha, nesi aliyeingia na maneno ya mgonjwa, yote kweli tupu. Ndiyo maana maelezo mengi na matamu peke yake hayathibitishi kitu.

Hatua ya 1: Weka kando ishara ulizozizoea

Mwaka 2006 kundi la watafiti lilichapisha majibu ya watu wa nchi 58 kwa swali moja: unamjuaje mtu anayedanganya? Karibu theluthi mbili walitaja jambo lilelile, kwamba anakwepa macho. Imani hiyo imeenea karibu dunia nzima, na ni imani isiyo na msingi. Bella DePaulo na wenzake walikuwa wamekwisha kukusanya tafiti nyingi mwaka 2003, wakapima ishara 158 zinazodhaniwa kumfichua mwongo. Nyingi hazikuhusiana na uongo hata kidogo, na zilizohusiana zilihusiana kwa unyonge. Kutazamana macho kulikuwa miongoni mwa zile zisizosema lolote.

Mwaka huohuo wa 2006 Charles Bond na DePaulo walijumlisha matokeo ya watu zaidi ya 24,000 waliojaribu kutenganisha wakweli na waongo kwa kuwatazama na kuwasikiliza. Walipatia kwa asilimia 54. Kurusha shilingi kungewapa 50. Wenye uzoefu wa kazi, polisi wakiwemo, hawakuwashinda watu wa kawaida. Na usijitetee kwa kusema una uhakika: uhakika wa mtu na usahihi wa hukumu yake haviendi pamoja.

Jasho, kigugumizi, mikono isiyotulia, hizo ni dalili za hofu, na mkweli anayeshukiwa ana kila sababu ya kuogopa. Mashine ya poligrafu, ile inayosemekana kumtambua mwongo, nayo inapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho la ngozi, kwa hiyo ina udhaifu uleule. Tuendelee.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kuonana naye

Chukua karatasi. Upande mmoja andika unachokijua kwa hakika na umekijuaje. Upande wa pili andika kila maelezo mengine yanayoweza kuzaa hali hiyohiyo bila mtu huyu kuwa na hatia, walau matatu. Mimi ningefanya hivyo siku ile, mstari wa kwanza ungekuwa: nani mwingine anaifungua droo hii?

Sababu ya kuandika ni kwamba ukishamshuku mtu, akili yako inaanza kutafuta uthibitisho na kupita juu ya mengine yote. Unauliza maswali makali zaidi, naye anazidi kubabaika kwa sababu ya ukali wako, nawe unauchukua mbabaiko huo kuwa ushahidi. Karatasi yenye maelezo matatu mengine hukukumbusha kuwa unatafuta jambo lililotokea, na jina la mtu litakuja baadaye kama litakuja.

Hatua ya 3: Punguza hofu chumbani

Onana naye faragha, mkiwa mmekaa, bila haraka. Mwambie wazi mnazungumza nini na kwamba hujaamua chochote, na hakikisha hilo la pili ni kweli. Hii ni adabu, na pia ina faida: hofu ikipungua, mkweli anakumbuka vizuri zaidi, na tofauti kati yake na mwongo inaonekana kirahisi.

Hatua ya 4: Mwache aseme mpaka amalize

Anza na swali moja pana: "Nieleze siku ile kuanzia ulipoingia mpaka ulipoondoka, hata mambo unayoona hayana maana." Kisha nyamaza. Usimkatize, usimmalizie sentensi, usimwonyeshe ni wapi umevutiwa. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujasema neno. Nimegundua kwamba hii ndiyo hatua inayowashinda watu wengi. Ukimya unatuuma sisi kuliko unavyomuuma anayehojiwa.

Watu wengi hawajui unataka maelezo marefu kiasi gani. Kwa hiyo mpe kielelezo: msimulie wewe tukio dogo lako lisilohusiana na jambo hili, kwa undani, ulivyofungua mlango, uliyemkuta, ulichosahau, kisha mwombe asimulie lake hivyo. Mkweli ana ghala la kuongeza. Mwongo anajua kila analoongeza ni kitu kipya cha kukumbuka kesho, na kila jina ni mtu unayeweza kumpigia simu.

Hatua ya 5: Uliza asichokitarajia

Mwongo hujiandaa kwa maswali anayoyategemea: ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Hayo atayajibu vizuri, pengine vizuri kuliko mkweli. Aldert Vrij wa Chuo Kikuu cha Portsmouth na wenzake walilionyesha hili mwaka 2009. Walichukua watu wawili wawili. Baadhi walikwenda kweli kula pamoja mgahawani. Wengine walichukua fedha kwenye pochi, kisha wakapewa nafasi ya kupatana kwamba watasema walikuwa wanakula. Kila mmoja alihojiwa peke yake. Kwenye maswali ya kawaida jozi za waongo zililingana majibu kama zile za wakweli. Ndipo wakaambiwa wachore mgahawa na mahali walipokaa. Kwa kulinganisha michoro tu, watafiti waliweza kutenganisha asilimia 80 ya wakweli na waongo. Waongo walikuwa wamepatana juu ya hadithi, hawakupatana juu ya mlango uko upande gani wa meza.

Kwa hiyo uliza nafasi: ulikaa ukitazama wapi, nani alikuwa kulia kwako, taa ilikuwa inatokea wapi. Uliza mpangilio: nani alifika kwanza, nani aliamka kwanza. Uliza kuhusu maandalizi, kwa sababu mwongo huandaa tukio na kusahau jinsi lilivyopangwa: mlikubalianaje kukutana, nani alimtafuta mwenzake, kulikuwa na mpango mwingine mkauacha? Kama wako wawili, waulize kila mmoja peke yake. Kama yuko peke yake, mpe karatasi achore, kisha dakika ishirini baadaye muulize kwa mdomo mambo yaleyale ya nafasi.

Na kwa yule anayehamisha siku, uliza kinachoifanya siku ile kuwa siku ile. Mvua ilikuwa inanyesha ulipotoka? Kulikuwa na nini njiani? Umeme ulikuwepo? Kitanda cha mgonjwa ni kilekile Jumanne na Alhamisi, mvua si ileile.

Kuna mbinu nyingine, ya kumwambia mtu asimulie kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Katika jaribio la Vrij la mwaka 2008, askari polisi waliotazama mahojiano ya kawaida walitambua asilimia 42 ya uongo. Waliotazama ya kinyumenyume walitambua asilimia 60. Mimi siipendi sana kwa matumizi ya nyumbani na kazini. Inamchosha hata mkweli, na mtu asiye na uzoefu atauchukua uchovu huo kuwa hatia. Michoro na maswali ya nafasi yanatosha.

Hatua ya 6: Omba kinachoweza kukaguliwa

Galit Nahari wa Israel na wenzake wameonyesha kwamba waongo hawapungukiwi na maelezo kwa ujumla. Wanapungukiwa na yale unayoweza kwenda kuyahakiki. Watakwambia waliwaza nini, walijisikiaje, anga ilikuwaje. Mkweli anamwaga vitu vyenye mguu: nilimpigia fulani, nililipa kwa simu, nilisaini getini.

Sema waziwazi: "Vitu unavyonitajia ambavyo naweza kuviangalia vitatusaidia sana. Kuna chochote?" Hiyo siyo hila. Mkweli akisikia hivyo anafurahi, anatoa simu mfukoni. Mwongo anabaki na uchaguzi mbaya kila upande: akitaja, utakagua, asipotaja, pengo linaonekana. Kisha kagua kweli. Swali lisilofuatiliwa halikusaidii kitu.

Hatua ya 7: Ushahidi ulionao, utoe mwishoni

Hapa wengi wetu tunaharibu. Tunaingia na karatasi mkononi: "Daftari la funguo lina saini yako, unasemaje?" Mwenye hatia anashukuru kimoyomoyo, maana umemwambia hadithi yake iwe na umbo gani. Anajibu, "Ndiyo, niliingia stoo kuchukua bahasha za barua." Huna tena pa kushika.

Angalia inavyokwenda ukiuliza kwa utaratibu:

"Ndugu yangu, nieleze jana kuanzia tulipotoka kikaoni."

"Nilirudi mezani kwangu, nikamalizia ripoti, nikaondoka saa kumi na moja."

"Katikati hapo uliamka?"

"Niliamka kuchukua maji tu."

"Huenda umepita mahali pengine, mtu husahau. Tuseme mapokezi, stoo, kwa mhasibu?"

"Hapana. Stoo sijaingia wiki nzima."

"Sawa. Daftari la funguo lina saini yako ya jana saa tisa na dakika ishirini. Nisaidie kuelewa."

Tazama swali la tatu lilivyojengwa. Linataja stoo katikati ya sehemu nyingine na linampa mtu ruhusa ya kuwa alisahau. Asiye na hatia aliyepita stoo, hapo ndipo anaposema, "Eeh, kweli, stoo niliingia mara moja." Hana sababu ya kujitenga na mahali pale. Mwenye hatia anakimbia mbali na ushahidi kwa sababu hajui kama unao. Pär Anders Granhag na Maria Hartwig, waliofanyia kazi mbinu hii nchini Sweden, waliwafundisha wanafunzi wa upolisi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Waliofundishwa kuuweka ushahidi mpaka mwisho walipatia kwa takriban asilimia 85, wasiofundishwa asilimia 56. Ushahidi ulikuwa uleule kwa wote. Kilichotofautiana ni wakati wa kuutoa na maswali yaliyoutangulia.

Hata hivyo, akijikanyaga hapo umepata kitu kimoja tu: alisema hakuingia stoo na aliingia. Hujapata kwamba ameiba. Watu huficha mambo kwa aibu, kwa kumlinda mwenzao, kwa kuogopa kuonekana wazembe. Endelea kuuliza.

Hatua ya 8: Usidanganye ili upate ukweli

"Kuna mtu amekuona." "Kamera imekunasa." Kama si kweli, usiseme. Mwaka 1996 Saul Kassin na Katherine Kiechel huko Marekani waliwaketisha wanafunzi kwenye kompyuta, wakawaonya wasiguse kitufe fulani, kisha mashine ikazima na wakashutumiwa kuwa wamekibonyeza. Hakuna hata mmoja aliyekibonyeza. Asilimia 69 walitia saini kukiri. Shahidi wa uongo aliposema amewaona, kukiri kuliongezeka, na baadhi wakaanza kuamini kabisa kwamba walifanya, wengine wakabuni na maelezo ya jinsi mkono ulivyoteleza. Kumbukumbu ya mtu mwenye hofu inafinyangika. Ukimwekea ushahidi wa uongo unaweza kupata maungamo safi kutoka kwa mtu asiye na kosa, na hutajua kamwe.

Kwa sababu kama hizo polisi wa Uingereza na Wales waliachana, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mahojiano ya kusaka maungamo, wakaingia kwenye mfumo uitwao PEACE, wa kusaka maelezo.

Hatua ya 9: Pima maelezo kwa haki

Ukishamaliza, usihesabu kila tofauti kuwa uongo. Kumbukumbu ya kweli inasahau, inarudi nyuma kusahihisha, inaongeza jambo la jana lililorukwa. Mtu anayesema "ngoja, hapana, simu ilikuja kabla" anafanya kile kumbukumbu hufanya. Maelezo yanayorudiwa neno kwa neno mara tatu ndiyo yanayonifanya nisimame. Uzito mkubwa uweke kwenye ulichokikagua nje ya chumba kile, kwani uongo mwingi hufichuliwa na risiti, simu na watu wengine siku kadhaa baadaye.

Na kubali kuandika "haijulikani" mwisho wa karatasi yako. Ni jibu halali.

Ukihoji mtoto

Kwa mtoto mambo yanageuka. Uongo wa kwanza ni dalili ya akili kukua: ili kudanganya, lazima mtoto atambue kwamba kichwa chako hakina yaliyomo kichwani mwake. Michael Lewis na wenzake, mwaka 1989, waliwaacha watoto wa miaka mitatu chumbani na kichezeo mgongoni mwao wakaambiwa wasigeuke. Watoto 33, wote isipokuwa wanne waligeuka. Walipoulizwa, kati ya waliogeuka walioungama na waliokana walikuwa sawa, asilimia 38 kila upande, waliobaki hawakujibu. Katika majaribio kama hayo ya Victoria Talwar na Kang Lee, wengi wa watoto wadogo waliokana, walipoulizwa "unadhani ni kichezeo gani?" walikitaja mara moja. Uwezo wa kukana ulikuwa umefika, uwezo wa kulinda hadithi bado.

Kwa hiyo usimwekee mtego. Kama umekwisha kuona ukuta umechorwa na rangi ziko mkononi mwake, usiulize "nani kafanya hivi?" Unamfanyisha mazoezi ya kukana. Sema, "Naona umechora ukutani, njoo tufute." Pale usipojua kweli, mwombe kwanza aahidi kusema kweli, ndipo uulize, tafiti zimeonyesha ahadi hiyo ndogo inapunguza uongo. Na fimbo haisaidii. Talwar na Lee walilinganisha shule mbili za watoto wadogo Afrika Magharibi, moja ya adhabu kali na nyingine isiyo na ukali huo. Watoto wa shule yenye adhabu kali walidanganya zaidi, na waliulinda uongo wao kwa ustadi zaidi.

Swali la mwisho la kila mahojiano

Kabla hamjainuka, uliza: "Kuna jambo nililopaswa kukuuliza ambalo sijakuuliza?" Kisha nyamaza tena.

Swali hili nilifundishwa na yule kijana. Wiki moja baada ya kumwomba radhi nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Aliniambia kwamba asubuhi ile alimwona mwenzetu akiifungua droo na kuingiza makaratasi kwenye jalada. "Nilikuwa nasubiri uniulize nani mwingine ana ufunguo," alisema.